Kazi za Mwisho wa Juma: Chokaa, Dirisha na Mapango ya Amboni

Wasomaji wetu wengi wanajua jinsi mwisho wa juma unavyopotea. Ijumaa jioni mtu hujiambia ya kuwa kesho atafanya kazi kumi. Hata Jumapili magharibi hutazama nyuma akaona amefanya nusu ya moja. Sisi tuandikao habari hii ni mume na mke, twakaa karibu na Muheza katika Mkoa wa Tanga, na kwa miaka mingi tulikuwa namna hiyo hiyo. Leo twataka kuwaeleza habari za siku mbili ambazo tulizitumia vema, ingawa si bila makosa, ili atakaye kufanya kazi kama zetu ajue ipi itangulie na ipi ifuate. Twawaandikia hasa walimu na wazee wa vijiji, ambao nyumba zao hutazamwa na watu wote.

Sababu ya kuanza ilikuwa mtoto. Wakati wa masika mtoto wetu wa pili aliugua malaria mara mbili, na mara ya pili tulikesha usiku wawili tukiwa na hofu kubwa. Chumba alalamo kilikuwa cheusi kwa moshi wa miaka mingi, na dirisha lake lilikuwa tundu tu lililozibwa kwa gunia. Sasa, baba wa nyumba alikuwa ameweka akiba apate kununua redio mpya. Mama wa nyumba akamwambia, "Baba watoto, redio haitapendeza masikioni mwetu ikiwa chumba cha pili kuna mgonjwa." Tulikubaliana baada ya maneno kidogo, ambayo hayana haja ya kuandikwa hapa.

Tena tulikuwa na deni jingine. Tulikuwa tumewaahidi watoto kuwapeleka kuyaona mapango ya Amboni, na ahadi hiyo tulikwisha kuivunja mara mbili. Kwa hiyo usiku wa Alhamisi tuliketi na daftari, tukaandika kazi zote: chokaa, dirisha, sokoni, mashine ya kusaga, safari. Mara tukaona jambo ambalo hatukulifikiri hapo kwanza, ya kwamba kazi ya Jumamosi asubuhi ilipasa kuanza Ijumaa alasiri. Asiyejua habari za chokaa hawezi kuliona jambo hili, nasi tulikuwa tumefundishwa kwa hasara.

Mwaka uliotangulia tulipaka nyumba chokaa. Tulinunua, tukakoroga na maji saa ile ile mpaka ikawa nzito kama uji, tukaipaka juu ya ukuta mkavu wenye vumbi, mara moja tu, tukidhani ya kuwa uzito ndio weupe. Nyumba iling'aa siku chache. Kabla ya mwezi kwisha ilianza kubanduka vipande vipande, ikawa yaanguka ndani ya vyungu. Majirani walicheka, nasi tukailaumu chokaa, kumbe kosa lilikuwa letu.

Chokaa hutoka katika jiwe liitwalo jiwe la chokaa, au katika matumbawe ya pwani. Jiwe hilo huchomwa kwa moto mkali sana, yapata daraja 900 za joto, na ndani ya moto huo hutoka hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Jiwe lililobaki huwa jepesi, nalo lina kiu ya maji. Likitiwa majini huchemka lenyewe bila kuni, hutoa mvuke, kisha husambaratika likawa laini kama siagi. Kazi hii ndiyo kuzima chokaa. Ikipakwa ukutani, maji hukauka, nayo huivuta pole pole kutoka katika hewa ile kaboni dayoksaidi iliyoipoteza katika tanuri, hata ikawa jiwe tena. Basi mtu apakaye chokaa anautandikia ukuta ngozi nyembamba ya jiwe. Ndiyo sababu ukuta hupasa kuwa na unyevu, maana chokaa ikikauka upesi mno haipati nafasi ya kugeuka jiwe, hubaki unga. Ndiyo sababu pia hupakwa nyembamba mara nyingi, wala si nene mara moja.

Ijumaa alasiri tulilitia maji pipa la chuma, tukaanza kutia chokaa ndani yake. Angalieni sana hapa: chokaa hutiwa katika maji kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya chokaa, kwani huweza kuruka kwa nguvu. Chombo kiwe cha chuma, kwa kuwa joto lake huweza kuyeyusha ndoo ya plastiki. Haya yote tuliyajua. Lakini baba wa nyumba, akiona jua linashuka, alitupa bonge kubwa kwa mara moja, tena akiinama juu ya pipa apate kutazama. Maji yalichemka ghafula, yakamrukia shavuni na katika jicho la kushoto.

Mama wa nyumba hakupiga kelele wala hakukimbilia dawa ya majani. Alimlaza ubavuni penye mtungi, akayafungua macho yake kwa vidole, akamimina maji safi juu ya jicho lile pasipo kukoma, mtungi mmoja, kisha wa pili, kwa muda wa nusu saa, binti yetu mkubwa akileta maji mengine. Kisha tulikwenda zahanati. Mganga alipolitazama alisema jicho limepona kwa sababu ya maji yale mengi, na kwamba kama tungalikuja mbio bila kuosha, labda angalikuwa na maneno mengine. Chokaa huendelea kuunguza maadamu imo jichoni. Alimkataza asiikaribie chokaa kwa siku kadhaa.

Basi atakayezima chokaa na avae miwani ya kazi, afunge kitambaa puani, awafukuze watoto, na maji safi yawe tayari karibu naye kabla ya bonge la kwanza kuingia pipani. Mtungi wetu ulikuwa karibu kwa bahati tu.

Kwa ajili ya jambo hilo mpango wa daftari ulipinduka. Kupaka tulikuwa tumemwandikia mume, na sokoni tulimwandikia mke. Sasa ikawa kinyume. Jumamosi alfajiri mama wa nyumba na binti yetu walitoa vitu vyote chumbani, wakafagia kuta kwa ufagio mgumu mpaka masizi na vumbi vikatoka, wakaziba nyufa kwa udongo, wakanyunyiza maji. Chokaa ilikuwa imelala usiku kucha ndani ya pipa. Walichota kiasi, wakaichuja kwa kitambaa, wakaiongeza maji mpaka ikawa kama maziwa, wakatia chumvi kidogo isaidie kuushika unyevu. Mtu apakaye mara ya kwanza huvunjika moyo, kwani ukutani haionekani nyeupe, huonekana kama maji machafu. Binti yetu alitaka kuongeza chokaa iwe nzito. Mama yake akamwambia asubiri. Saa mbili baadaye, ilipoanza kukauka, ukuta ulikuja mweupe wenyewe, kama mbingu wakati wa kucha, na yule mtoto akaenda kuwaita wenzake waje kutazama.

Baba wa nyumba alikwenda Muheza. Mahindi yalisagwa, chumvi, sabuni na mafuta vikanunuliwa, na misumari nusu kilo. Mkewe alikuwa amempa uzi wenye mafundo mawili, kipimo cha dirisha, ili anunue wavu wa waya unaotosha. Uzi ule aliusahau juu ya meza. Alikadiria kwa mkono, akarudi na wavu uliopungua kwa shubiri nzima, ikambidi kupanda baiskeli tena adhuhuri jua kali. Hatukusema neno juu ya jambo hili siku ile, lakini tangu hapo uzi wa kipimo hufungwa katika kifundo cha mkono wa mwendaji.

Alasiri tulitengeneza dirisha. Tulipiga kiunzi cha mbao, tukautandaza wavu juu yake ukiwa umevutwa sawasawa, tukaubana pande zote kwa vipande vyembamba vya mbao na misumari, kisha tukaziba kwa udongo penye nafasi kati ya kiunzi na ukuta. Faida ya wavu juu ya gunia ni kwamba huzuia mbu lakini hauzuii hewa wala mwanga. Watu wengi bado husema malaria huletwa na ubaridi au na maembe mabichi. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipovikuta vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko Bara Hindi, habari hii haina shaka tena: ni mbu aitwaye anofelesi, tena jike peke yake, naye huuma hasa usiku.

Lakini dirisha peke yake halitoshi, nasi karibu tungalikosea. Tulipokuwa tukilisifu dirisha letu, jirani mmoja mzee aliinua fimbo yake akaonyesha juu, pale ukuta unapokoma na paa kuanza. Palikuwa na uwazi wa kuingiza mkono. Mbu wapendao kuingia nyumbani hupitia mahali hapo kuliko mahali pengine, kwa kuwa harufu ya watu waliolala hupanda na kutokea huko. Tulitumia kipande kile cha wavu kilichopungua, cha safari ya kwanza, pamoja na mabaki ya cha pili, tukauziba uwazi wote kwa mwanga wa taa. Hivyo kosa la uzi lilikuwa na faida yake. Chandarua hatukukiacha, mtoto analala ndani yake kama kwanza.

Jumapili kabla ya jua kuchomoza ukuta ulinyunyizwa maji tena, ukapakwa mara ya pili. Kati ya kupaka mara moja na mara nyingine yafaa siku moja ipite. Kisha tulioga, tukavaa, tukapanda basi la Tanga pamoja na watoto watatu, chungwa moja moja mkononi, kwani Muheza haiishiwi machungwa.

Mapango ya Amboni yako yapata kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, karibu na njia iendayo Mombasa. Serikali ya Kiingereza iliyatangaza kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na mwaka 1963 yakawekwa chini ya idara ya mambo ya kale. Mwongozaji hutangulia na taa. Ndani mna baridi na giza zito, popo wananing'inia darini, na kuna mahali ambapo mtu mnene hupita kwa taabu. (Mmoja wetu alipita kwa taabu, hatutasema yupi.) Katika pembe moja tuliona sadaka za watu wajao kuomba, vitambaa na vyungu vidogo, tukapita kwa adabu.

Mtoto wetu wa pili, yule aliyekuwa mgonjwa, alisimama mbele ya jiwe lililoning'inia kutoka juu kama kiwele cha ng'ombe, ncha yake ikidondoka maji. Akauliza, "Mama, nani alilipaka jiwe hili chokaa?" Mwongozaji akacheka, lakini swali lilikuwa zuri. Mapango yale yote ni jiwe la chokaa, lililofanyika chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita kwa makombe na mabaki ya viumbe vya majini. Mvua ipitayo udongoni huchukua kaboni dayoksaidi, na maji yenye hewa hiyo huweza kuliyeyusha jiwe pole pole. Ndivyo mapango yalivyochimbika. Maji yale yale yakifika darini mwa pango huiachilia hewa, na jiwe lililoyeyuka hubaki pale, chembe juu ya chembe, kila tone likiacha sehemu yake ndogo. Tulimweleza mtoto ya kuwa jiwe hili na ukuta wa chumba chake ni kitu kimoja, ila huku hapana tanuri wala brashi, na fundi hana haraka.

Alilishika jiwe. Mwongozaji alimkataza, maana mafuta ya mkono huliharibu na kulizuia lisikue. Hilo nalo hatukulijua.

Tulirudi nyumbani baada ya magharibi, mdogo amelala begani. Tulipoingiza taa katika chumba cha nyuma tulishangaa, kwa kuwa taa ile ile moja ilitosha kumulika pembe zote nne; ukuta mweupe huurudisha mwanga, na ukuta wa masizi huumeza. Binti mkubwa aliketi akasoma kitabu chake cha shule mpaka akaambiwa alale. Mara ya tatu ya kupaka tumeiweka Jumamosi ijayo. Baada ya hapo ni zamu ya jikoni, na redio baada ya jikoni.

Chokaa iliyobaki tumeiacha ndani ya pipa, maji yameifunika juu ili hewa isiifikie, na kifuniko kizito juu yake kwa ajili ya watoto. Ikihifadhiwa hivyo haiharibiki, bali huzidi kuwa laini kadiri ikaavyo. Yule mzee jirani mwenye fimbo amekwisha omba debe moja.