Nyumba mpya ikichelewa kukabidhiwa

Mradi wa 711 wa Shirika la Nyumba la Taifa, pale Kawe, Dar es Salaam, ulisimama kwa miaka kadhaa kabla ya mafundi kurudi. Hata shirika la umma hukwama, hivyo mnunuzi ajilinde mapema.

Mkataba utaje tarehe ya makabidhiano, fidia ya kila mwezi wa kuchelewa, na siku ambayo ikipita anaweza kujitoa na kurudishiwa fedha. Kipengele hicho cha mwisho kisikubaliwe kuondolewa. Malipo yafuate hatua za ujenzi: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Mfano wa kulinda malipo hayo uko Dubai: Sheria Namba 8 ya 2007 inataka fedha za wanunuzi ziwekwe katika akaunti ya amana ya mradi husika.

Ujenzi ukisimama, malalamiko yaende kwa barua, si kwa simu. Risiti za kodi ya pango anayolipa mnunuzi akisubiri nyumba zitunzwe: ndizo zitakazothibitisha hasara.