Land Rover ya Zamani "Iliyokarabatiwa na Kuboreshwa": Namna ya Kulisoma Tangazo Kabla ya Kutoa Fedha

"LAND ROVER 109 ya mwaka 1974 inauzwa. Imekarabatiwa upya yote na kuboreshwa. Injini 200Tdi, gia tano, breki mpya, rangi mpya, viti vya ngozi. Haina tatizo lolote. Bei maelewano. Wahi."

Tangazo la namna hii mlaji hulikuta mara kwa mara, likiambatana na picha ya gari linalong'aa. Maneno yake hayafiki thelathini, na huenda kila moja likawa la kweli. Hata hivyo, katika malalamiko yanayotufikia kuhusu magari haya, mara nyingi chanzo si uongo wa wazi, bali ni neno ambalo muuzaji alilielewa hivi na mnunuzi akalielewa vile. Ndiyo maana katika somo hili tutalisoma tangazo hilo sehemu kwa sehemu, kama mkataba usomwavyo.

Kukarabatiwa si kuboreshwa

Kukarabati ni kukirudisha kitu katika hali kilivyokuwa kilipotoka kiwandani. Kuboresha ni kukiondoa katika hali hiyo kwa nia ya kukifanya kiwe bora zaidi. Gari moja laweza kufanyiwa yote mawili, lakini sehemu moja ya gari haiwezi. Injini iliyobadilishwa haijakarabatiwa. Ile ya awali imekwenda na nyingine imekuja mahali pake. Muuzaji anapoyatamka maneno hayo kwa pumzi moja na kudai bei ya yote mawili, mwombe akutajie kwa orodha ni sehemu zipi zimerudishwa katika uasili wake, zipi zimebadilishwa, na zipi hazikuguswa. Orodha ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kwako, na ndiyo isiyotajwa katika matangazo.

"Ya mwaka 1974"

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Aina iitwayo Series III, ambayo gari la mwaka 1974 linapaswa kuwa, ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ujenzi wake ni wa vipande vinavyofungwa kwa bolti, jambo linalolifanya lipendwe na mafundi na wakati huohuo liwe rahisi kuunganishwa kutokana na mabaki ya magari matatu au manne. Gari la kuungaunga si lazima liwe baya. Ubaya ni kulilipia kama gari moja.

Anzia kwenye namba ya chesisi. Namba za Series III za miaka ya 1970 zilikuwa fupi: tarakimu nane na herufi mwishoni. Namba ndefu yenye herufi na tarakimu 17, inayoanza na SAL, ni ya magari yaliyofuata baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo. Ukiambiwa gari ni la 1974 na ukaikuta namba ndefu, uliza. Usitosheke na kibati kilichofungwa ndani kwa riveti, kwa kuwa kibati huhamishwa kwa dakika tano. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, upande wa mbele, pale inaposhikwa springi ya kulia, uilinganishe na kadi ya gari herufi kwa herufi. Chesisi mpya ya kununua dukani huweza kuwa haina namba kabisa, na hilo lina maelezo halali. Maelezo hayo yawe na risiti.

Palipofichwa kutu

Wengi wetu tumefundishwa kupima gari kwa sumaku: ikishika, ni chuma, isiposhika, pana patii iliyoziba kutu. Kwa Land Rover kipimo hicho humpotosha asiyejua. Paneli zake nyingi za bodi ni za alumini, uamuzi uliotokana na uhaba wa chuma nchini Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na sumaku haishiki alumini hata ikiwa safi kama siku ya kwanza. Kwa hiyo sumaku itumie chini na mbele tu: kwenye chesisi, na kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Hapo ikikataa kushika, umepata jibu lako.

Bodi isiyopata kutu huwafanya watu waamini kuwa gari zima haliozi. Ukweli ni kinyume. Chesisi ni boksi la chuma lenye uwazi ndani. Maji na tope huingia, hukaa, na kutu huanzia ndani kuelekea nje. Siku tundu linapoonekana, ukuta umekwisha kuwa mwembamba kwa eneo kubwa. Boriti ya nyuma kabisa na mikono inayotoka ubavuni kubeba bodi ndiyo hutangulia. Kwa gari lililoishi Tanga, Mtwara au Mombasa, karibu na chumvi ya bahari, mambo huenda kasi zaidi. Vilevile pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini nayo huliwa na kugeuka unga mweupe.

Lala chini ya gari. Hatusemi uchungulie, beba kanga kuukuu au mkeka, ulale. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma na usikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza huitika kwa sauti butu. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi chini ya gari isikufurahishe, maana yaweza kufunika mabamba yaliyochomelewa juu ya kutu bila kuiondoa. Muuzaji aliyefanya kazi safi kwa kawaida ana picha za chesisi ikiwa uchi kabla ya kupakwa rangi, na hujivuna kuzionyesha. Asiye nazo huenda ni mwaminifu pia, ila imani isiyo na picha ipunguziwe bei.

Injini kubwa, breki zile zile

Sasa tufike kwenye injini na breki. Injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyokuja na magari mengi ya Series III ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 62. Ile ya 200Tdi, ya lita 2.5 na yenye tabo, hutoa zaidi ya 100, na nguvu yake ya kuzungusha ni karibu maradufu. Ni mabadiliko yanayofanywa sana, na yakifanywa vizuri humpa mwenye gari faida ya kweli. Lakini injini haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake ipo klachi, gia boksi, shafti na difu, ambavyo kama havikubadilishwa vilikusudiwa kubeba nusu ya mzigo huo. Uliza pia mkanda wa kuendeshea vali ulibadilishwa lini. Injini ya zamani ilitumia mnyororo. Ya 200Tdi hutumia mkanda, na ukikatika injini huharibika vibaya papo hapo.

Mkulima mmoja wa mboga wilayani Lushoto alituletea shauri lake. Alikuwa ametumia akiba ya misimu mitano kununua 109 iliyotangazwa kwa maneno yanayofanana na yale ya juu. Ilipanda milima bila kuchoka, na kwa wiki tatu alisifiwa na majirani. Wiki ya nne, akishuka kwenda Mombo na shehena ya kabichi na vijana wawili nyuma, pedali ya breki ikawa ngumu kama jiwe na gari halikupungua mwendo. Aliligongesha kwenye kingo ya mlima kwa makusudi. Kijana mmoja alivunjika mkono.

Fundi aliyelikagua gari baadaye hakukuta breki mbovu. Zilikuwa mpya kweli, kama tangazo lilivyosema: viatu vipya ndani ya ngoma zile zile. Gari hilo lilizaliwa na injini ya petroli, na busta ya breki ilikuwa ikivuta hewa kutoka kwenye injini hiyo. Injini ya dizeli haivuti hewa kwa njia hiyo. Busta yake huhitaji pampu. Pampu ilikuwepo, lakini mpira wa kuiunganisha na busta ulikuwa umepasuka, kwa hiyo dereva alikuwa akisimamisha gari lenye mzigo kwa nguvu ya mguu wake tu. Kwa kuwa gia zilikuwa zimefanywa ndefu ili gari likimbie barabarani, injini nayo haikulizuia mteremkoni kama ile ya zamani ingelizuia, na ngoma zikapata moto zikaacha kushika.

Kasoro ya busta huweza kujulikana kabla gari halijaondoka. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, busta haifanyi kazi. Kisha lijaribu gari likiwa na mzigo, kwenye mteremko, ukiwa na fundi uliyemlipa wewe na si aliyeletwa na muuzaji.

Kwa magurudumu manne, lijaribu gari kwenye udongo, si kwenye lami. Series III yenye gia boksi yake ya awali ina kitufe cha njano na mkono mwekundu karibu na mkono wa gia. Vyote viwili viingie na kutoka bila kulazimishwa. Kama havipo, gia boksi ni ya gari la baadaye, na muuzaji akueleze ni ya lipi.

Rangi na viti vya ngozi tunavipita. Ni vitu vya kupendeza, havimzuii mtu kufika salama, na visipandishe bei kuliko chesisi.

Karatasi

Kadi ya gari huandika namba ya injini, aina ya mafuta na rangi. Gari la mkulima yule kwenye kadi lilikuwa bado la petroli na la kijani, ilhali barabarani lilikuwa la dizeli na jeupe. Mabadiliko ya namna hiyo hupaswa kusajiliwa Mamlaka ya Mapato, na ni busara muuzaji ayakamilishe kabla ya mauzo, kwa gharama yake. Gari lisilofanana na kadi yake hukupa shida kwa polisi, kwa kampuni ya bima, na siku utakapotaka kuliuza.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inadai bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ulinzi kuhusu ubora una nguvu zaidi ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari kuliko kwa mtu binafsi, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Zingatia mambo mawili. Ukiwa umelikagua gari, hutasikilizwa kwa urahisi ukilalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuibaini. Ukaguzi wa nusunusu waweza kukudhuru kuliko kutokagua. Na maneno "linauzwa kama lilivyo", ukiyatia saini, huweza kukuondolea kinga ambazo sheria ilikupa. Ukiyakuta kwenye hati, dai yafutwe, au karibu nayo yaandikwe yale uliyoahidiwa: injini ipi, gia boksi ipi, breki zimefanyiwa nini na nani.

Mkulima wa Lushoto hakuwa na mkataba wa maana. Alichokuwa nacho ni ujumbe katika simu, ambamo alikuwa ameuliza kama gari lingefaa kubeba mboga kushuka Mombo, naye muuzaji akajibu kuwa mfumo wote wa breki ulikuwa umefanywa upya kwa kazi hiyo. Muuzaji alipoonyeshwa maneno yake mwenyewe alikubali kulipia matengenezo na matibabu ya kijana. Mapato ya mwezi mzima ambao gari lilikaa gereji hayakurudi.

Ukiwa na lalamiko la aina hii, acha kulitumia gari na usiruhusu lifunguliwe kabla halijapigwa picha. Tuletee tangazo, ujumbe wote bila kufuta hata mmoja, risiti au hati ya malipo ya benki, nakala ya kadi, na taarifa ya fundi iliyotiwa saini na tarehe. Kama tangazo limeondolewa na hukulihifadhi, andika siku hiyohiyo unachokikumbuka na umwombe aliyekuwa nawe atie saini.