Barabara ikipanuliwa, mwenye duka adai nini na kwa nani?

Ukitoka Mombasa jioni kuelekea Kilifi, utafika Mtwapa ukiwa umechoka kuliko aliyeshinda shambani. Mimi ni mkazi wa kaunti hii kabla sijawa afisa wake wa habari, na nimekaa kwenye foleni hiyo mpaka mahamri niliyowabebea watoto nikayamaliza mwenyewe. Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni gari la kubeba wagonjwa lililonasa katikati ya malori, lina mgonjwa wa rufaa anayepelekwa Mombasa na halina pa kupenyea.

Kwa hivyo niseme wazi: naunga mkono kupanuliwa kwa barabara ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi. Hata hivyo, anayeunga mkono upanuzi ana wajibu wa kujua unamgusa nani. Kuna wenye maduka, wauza mitumba, mafundi wa pikipiki na akina mama wa viazi karai ambao riziki yao iko hatua chache tu kutoka kwenye lami. Somo la toleo hili linahusu haki zao.

Tuanze na mwenye barabara, maana hapo ndipo wengi hupotea. Hii ni barabara kuu ya kitaifa, inayosimamiwa na KeNHA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu. Upanuzi ni sehemu ya mradi wa kuunganisha pwani ya Kenya na ya Tanzania, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia euro milioni 345 kwa nchi zote mbili Desemba 2019. Serikali ya kaunti haichukui ardhi kwa ajili ya barabara hii, wala hailipi fidia yake. Kazi ya kutwaa ardhi na kukadiria fidia ni ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Lakini masoko na leseni za biashara ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba. Ukitaka fidia ya jengo, mlango ni mmoja. Ukitaka nafasi sokoni baada ya kuhama, mlango ni mwingine.

Swali la pili ni duka lako limesimama wapi. Kila barabara kuu ina ardhi iliyotengewa kando yake, hata kama lami haijaifikia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inakataza kujenga humo bila idhini. Leseni ya biashara uliyolipia kaunti kila mwaka haikufanyi mwenye ardhi hiyo. Najua jambo hili linauma, hasa kwa mtu aliyelipa ada miaka kumi bila kuulizwa lolote.

Kama upanuzi unaingia kwenye ardhi ya mtu binafsi, mambo ni tofauti. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi itolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha kuwe na kikao ambapo kila mwenye maslahi anawasilisha dai lake. Kanuni za mwaka 2017 zinaongeza asilimia 15 juu ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu, na zinatambua pia gharama za kuhamisha biashara.

Neno "haraka", hata hivyo, lisikudanganye. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanaruhusu malipo yachukue hadi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Kwa anayekula alichouza leo, mwaka ni mrefu mno, na kwa maoni yangu hapa ndipo wanaounga mkono upanuzi wanapaswa kupaza sauti kuliko wote.

Hapa Pwani kuna fundo jingine. Ardhi ni ya mmoja, nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine anayelipa kodi ya kiwanja, na mwenye duka ndani ya nyumba hiyo ni mpangaji tu. Familia nyingi pia zimeishi vizazi bila hati miliki. Kifungu hicho hicho cha 40 kinaruhusu kufidiwa kwa anayekalia ardhi kwa nia njema hata kama hana hati. Kinaruhusu, hakilazimishi. Ndiyo maana mpangaji asingoje mwenye nyumba amsemee. Pesa zikishaingia akaunti ya mwenye nyumba, kuzifuata ni kesi ya pekee.

Biashara nyingine hazina fidia yoyote. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivuka kwa feri. Biashara iliyotegemea foleni ya feri iliondoka na foleni. Kijana anayeuza maji na korosho kwa magari yaliyokwama Mtwapa yuko katika hali hiyo hiyo: hana jengo la kuhesabiwa, na msongamano ukiisha wateja wake watampita mbio. Huyu hatafuti fidia, anatafuta kituo cha matatu au soko lililopangwa vizuri, na hilo analidai kwa kaunti.

Maafisa wakija kuhesabu walioathirika, huwekwa tarehe ya mwisho; atakayejenga baada ya hapo hahesabiwi. Siku hiyo uwepo, au uache mtu anayejua mambo yako. Weka tayari leseni, risiti za kodi ya nyumba, taarifa ya M-Pesa ya mauzo ya miezi kadhaa na picha za duka ndani na nje. Hakikisha jina lililoandikwa ndilo lililo kwenye kitambulisho chako. Ukiona kosa, liandikie barua, na nakala yako igongwe muhuri wa ofisi iliyoipokea kabla hujaondoka.