Umeolewa Tabora, Karatasi Bado: Kijitabu cha Mwenzi Mgeni na Familia Yake

Kijitabu hiki ni cha mtu aliyevuka mpaka kwa sababu ya ndoa na sasa anaishi Ng'ambo, Isevya, Gongoni, Chemchem au mtaa wowote wa Manispaa ya Tabora. Kinamhusu mumewe pia, maana karatasi nyingi zinaanzia kwake. Na mama mkwe akisome, kwa sababu katika nyumba nyingi yeye ndiye anayesema "subirini kwanza", akihofia kwamba bibi harusi akishapata karatasi ataaga. Kwa tunayoyaona, huko kusubiri ndiko kunakoziponza familia.

Wenzi kutoka ng'ambo ya ziwa si jambo jipya mjini hapa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji na Manyema ilirudi na watu, baadhi kwa hiari na wengi bila hiari. Waliobaki wakaoa na kuolewa, na wajukuu wao leo ni wenyeji. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ikawa nyepesi zaidi. Bibi wa zama za misafara hakuulizwa pasipoti. Wewe utaulizwa, na jibu la "mimi ni mke wa fulani" halitamtosha afisa.

Ndoa inakupa mume, mawifi na mashemeji. Haikupi ruhusa ya kukaa nchini. Na ruhusa ya kukaa, ukishaipata, haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Ni mambo matatu, na yana milango mitatu: cheti cha ndoa kwa msajili, ukaazi kwa Uhamiaji, kazi kwa Kamishna wa Kazi. Wengi wanaofika kwetu wakiwa na shida wamepita mlango mmoja wakadhani wamemaliza nyumba yote.

Cheti cha ndoa

Kama ndoa ilifungwa Bujumbura, Uvira, Kigali au Kampala, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaweza kuitambua ikiwa ilifuata sheria ya huko na wote wawili waliridhia. Cheti cha Kifaransa kitafsiriwe na mfasiri anayetambulika. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hufanya kazi hiyo. Tafsiri ya jirani aliyesoma Kifaransa sekondari itarudishwa, hata kama haina kosa.

Kama ndoa inafungwa hapa, sheria inataka notisi ya siku 21 kabla ya siku yenyewe. Ndoa ya kimila wahusika wanatakiwa kuomba isajiliwe ndani ya siku 30. Hapa ndipo wengi wanapokwama: mahari imetolewa, wazee wamekaa, pilau limeliwa, na hakuna aliyeandika chochote. Kutosajili hakuivunji ndoa, lakini mbele ya Uhamiaji huna cha kuonyesha. Kuna wanaotuambia kwamba wameishi pamoja miaka zaidi ya 2, na sheria inadhani wameoana. Ni kweli, kifungu cha 160 kinasema hivyo. Ila dhana hiyo huthibitishwa mahakamani, tena yaweza kupingwa. Dirishani Uhamiaji wanataka cheti.

Angalieni majina, maana hili ni dogo na linasumbua kupita yote. Pasipoti ya Burundi imeandikwa Jeanne. Sheikh akaandika alivyosikia: Zhani. Au bibi harusi alisilimu, cheti cha ndoa kikatoka na jina la Mwajuma, na Jeanne hakuonekana tena popote. Kwa afisa hao ni watu wawili. Siku ya ndoa mpeni mfungishaji pasipoti aiweke mbele yake, anakili herufi moja moja, na kama kuna jina jipya aandike yote mawili. Kama kosa limeshafanyika, nendeni kwa wakili au hakimu mkale kiapo cha majina kabla ya kupeleka ombi lolote.

Ruhusa ya kukaa

Aliyeingia kwa njia halali, kwa bandari ya Kigoma, Manyovu, Kabanga au Mutukula, amegongewa muhuri wenye tarehe. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama nafasi ya kuingia na kukaa kwa matembezi hadi miezi 6. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini tazama kilichoandikwa kwenye pasipoti yako wewe, si cha dada yako aliyekuja mwaka juzi. Kile kitambulisho cha CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, ambacho watu wa Burundi, Rwanda na Congo huvukia mipaka yao hakifanyi kazi huku, kwa kuwa Tanzania haimo katika jumuiya hiyo.

Muhuri wa matembezi ni wa matembezi. Ukishaamua kukaa, mume aende ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa wa Tabora kabla tarehe haijafika, akuombee pasi ya mtegemezi. Kwa kawaida hudaiwa barua yake ya maombi, uthibitisho kwamba yeye ni raia, cheti cha ndoa, nakala ya pasipoti yako na picha. Barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha mnapoishi iwe mkononi pia. Hata isipodaiwa haina hasara. Maombi siku hizi hujazwa kwenye mfumo wa mtandao, na malipo hufanyika kwa kontroli namba, benki au kwa simu. Hakuna ada ya Uhamiaji inayopokelewa mkononi chini ya mwembe. Anayekuambia "nipe mimi, namjua mtu ndani" ni kishoka, na akikuomba rushwa akiwa ndani ya ofisi, TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113.

Pasi hiyo inamtegemea mume. Mkiachana, msingi wake umeondoka, na unatakiwa kwenda Uhamiaji kueleza hali yako bila kungoja tarehe ya mwisho.

Aliyesajiliwa kama mkimbizi, Nyarugusu au Nduta, yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Kuolewa na raia hakumtoi huko moja kwa moja, na kutoka kambini bila kibali ni kosa. Aanze na ofisi ya wakimbizi kambini. Na tusichanganye mambo: familia za Ulyankulu zilizotoka Burundi mwaka 1972 na kupewa vyeti vya uraia kuanzia mwaka 2014 si wageni. Binti wa Ulyankulu ambaye ni raia, akiolewa Ng'ambo, hahitaji kijitabu hiki.

"Sema wewe ni Muha"

Ushauri huu unatembea sana, na wanaoutoa hawana nia mbaya. Kirundi na Kiha vinafanana, hivyo mgeni anaambiwa ajieleze kuwa ni mtu wa Kasulu, apate barua, apate namba ya NIDA, mambo yaishe. Hayaishi. Kujitambulisha kuwa raia wakati si raia ni kosa la jinai, na mtendaji aliyesaini barua hiyo naye yumo. Baya zaidi, siku utakapotaka uraia wa halali utaulizwa mwenendo wako, na uongo ule utakuwa tayari uko kwenye kompyuta pamoja na alama za vidole vyako. NIDA hutoa kitambulisho cha mgeni mkaazi kwa mwenye kibali halali. Laini ya simu mgeni husajili kwa pasipoti yake.

Kazi

Mke aliyekuja Tabora ana ufundi wake. Anasuka vizuri kuliko saluni za mjini, au ana mtaji kidogo na anaona kibanda cha kutoa na kuweka pesa kingemfaa, au shemeji anampeleka vijijini msimu wa mpunga na karanga wakanunue mazao. Yote matatu yamekatazwa kwa asiye raia.

Julai 2025 Serikali ilitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayotaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya. Humo mna biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya wazalishaji wa ndani, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki, saluni, isipokuwa iliyo ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii, usafi wa nyumba na ofisi, udalali, ununuzi wa mazao shambani, uchimbaji mdogo wa madini, na umiliki wa viwanda vidogo. Mgeni anayekutwa na hatia hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza au kibali chake cha ukaazi hufutwa. Raia anayemsaidia anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho ukiwa mume. Leseni ya saluni ikiwa kwa jina lako na mwenye saluni halisi ni mkeo, hujamlinda. Mmeingia wote wawili. Amri hii ililenga zaidi wafanyabiashara wakubwa wa kigeni walioingia kwenye maduka ya Kariakoo, na kwa maoni yetu msusi wa uani hakuwa mtu aliyefikiriwa na walioiandika. Lakini haikumtaja mwenzi wa raia kuwa wa pembeni, na afisa biashara atasoma kilichoandikwa.

Kupika, kulea na kulima shamba la nyumbani si ajira. Kazi ya mshahara inawezekana, ila kwa mpango wake. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inaweka kibali cha kazi mikononi mwa Kamishna wa Kazi, kwa madaraja matano: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa fani zilizotajwa kama udaktari na ualimu wa sayansi na hisabati, C kwa fani nyingine, D kwa mashirika ya dini na hisani, E kwa wakimbizi. Muuguzi aliyesomea Bukavu au mwalimu wa Kifaransa kutoka Gitega hawezi kuanza kazi Jumatatu kwa kuwa shule imempenda. Mwajiri ndiye anayeomba, aeleze kwa nini nafasi hiyo inamhitaji mgeni, aambatanishe vyeti. Vyeti vya nje navyo vinalinganishwa na mamlaka husika kabla ya hapo, na muuguzi lazima apite kwa baraza lake la taaluma. Kibali cha kazi kikitoka, ndipo mnarudi Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi daraja B. Mwajiri akikwambia "anza tu, karatasi zitafuata", mwambie zitangulie. Wakaguzi wakija, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza.

Uraia: mke na mume hawako sawa

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wa tajinisi wakati wowote mumewe angali hai. Rudia maneno hayo ya mwisho na mama mkwe. Mume akifariki kabla ombi halijapelekwa, mlango huo umefungwa, na mjane anabaki na masharti ya mgeni yeyote, hata kama amezaa na kulea katika nyumba ileile. Tumeona wajane wenye watoto raia wakijifunza jambo hili kwenye matanga.

Masharti hayo ya kawaida ndiyo anayopewa mwanamume mgeni aliyemuoa Mtanzania tangu mwanzo. Ndoa haimfupishii njia. Awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 kabla ya hiyo miezi 12 jumla ya ukaazi wake isipungue miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na mwenendo mwema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haibagui: mke au mume, akitimiza miaka 7 ya ndoa na raia, ana haki ya kuomba. Kwetu bado, na hatuoni sababu ya msingi ya binti wa Ng'ambo kushindwa kumpa mumewe kile ambacho kaka yake anampa mkewe. Kwa sasa mkwe wa kiume aulize Uhamiaji mapema ni kibali kipi kinamfaa, maana mara nyingi njia yake hupitia kazi au uwekezaji.

Anayepata uraia lazima aukane ule wa kwanza. Hata kama nchi yako inaruhusu uraia wa nchi mbili, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Fikiria jambo hili na wazazi wako, hasa kama una shamba au urithi kwenu. Huku nako ardhi haimilikiwi na asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo kiwanja mnachonunua kwa jasho la wote wawili hakitaandikwa jina lako mpaka uraia utoke. Watoto hawana tatizo hilo: aliyezaliwa Tanzania, na mzazi wake mmoja akiwa raia, ni raia. Wasajiliwe wapate vyeti vya kuzaliwa, na jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti yake.

Mahali pa kuanzia

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo haina malipo. Ustawi wa jamii wa Manispaa watakuelekeza walipo. Nenda kwao na pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu. Na mwenye pasipoti awe wewe. Wapo waume wanaozifungia kabatini pamoja na hati ya nyumba, wakisema ni usalama. Pasipoti ni mali ya nchi iliyokupa, na mume hana haki ya kuizuia. Toa nakala mbili za kila karatasi, moja ikae kwako, nyingine kwa mtu unayemwamini asiye wa nyumba hiyo. Ada hubadilika na bajeti ya kila Julai, kwa hiyo hatujaziandika humu. Ziangalie kwenye tovuti ya Uhamiaji siku unayojaza fomu.