KASUKU ALIYETOROKA

Je, umepata kumwona kasuku juu ya mwembe au paa la nyumba, mahali ambapo makasuku hawaishi? Yawezekana kwamba ndege huyo ametoroka kutoka katika tundu lake. Katika somo hili utajifunza namna ya kumtambua na namna ya kumwokoa.

Kumtambua

Kasuku ana manyoya ya kijivu, mkia mwekundu na mdomo mweusi uliopinda. Kila mguu una vidole vinne: viwili huelekea mbele na viwili huelekea nyuma. Vidole hivyo humwezesha kushika tawi na kupeleka chakula mdomoni.

Asili ya ndege huyu ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Upande wa mashariki, hupatikana katika misitu ya Uganda na sehemu chache za jirani. Kwa hiyo, ukimwona Dar es Salaam au Mombasa, huenda alikuwa akifugwa. Chunguza dalili hizi: haogopi watu, ana pete mguuni, manyoya marefu ya bawa yamekatwa, au hutamka maneno ya watu.

Hatari zinazomkabili

Watu wengi hudhani kwamba ndege aliyetoka tunduni amepata uhuru. Lakini fikiri vizuri. Kasuku wa mwituni huishi katika kundi. Hujifunza kwa wakubwa wake matunda ya kula, kama vile ya mchikichi, na jinsi ya kujihadhari na mwewe. Kasuku aliyefugwa hakujifunza mambo hayo. Alizoea kupewa chakula. Tena misuli yake ya kurukia ni dhaifu, kwa sababu tunduni hakuwa na nafasi ya kuruka. Paka na kunguru huweza kumshambulia. Akikosa chakula na maji, atadhoofika na kufa. Kasuku anayetunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 40.

Mambo ya kufanya

1. Usimrushie mawe wala usimfukuze. Akitishwa ataruka mbali zaidi.

2. Mwite mtu mzima. Mmoja wenu abaki akimtazama kutoka mbali, kwa utulivu.

3. Wekeni mahali pa wazi maji safi na kipande cha papai au mbegu za alizeti. Msimpe parachichi, chumvi wala chokoleti, kwani vitu hivyo humdhuru.

4. Kama tundu lake limepatikana, liwekwe karibu na mti, mlango ukiwa wazi. Ndege hutafuta chakula hasa asubuhi na jioni. Nyakati hizo huenda akashuka.

5. Usimshike kwa mikono mitupu. Mdomo wake hupasua kokwa ngumu, na huweza kukata kidole. Vumbi la kinyesi chake kikavu huweza pia kuleta ugonjwa wa mapafu. Ukigusa tundu au vyombo vyake, nawa mikono kwa sabuni.

Akiisha kupatikana, asifichwe wala asiuzwe. Mwenyewe atafutwe. Asipojulikana, taarifa ipelekwe kwa maofisa wa wanyamapori. Kasuku wengi wamekamatwa misituni kwa ajili ya kuuzwa, na idadi yao imepungua sana. Ndiyo maana tangu mwaka 1981 aina hii ilidhibitiwa katika biashara baina ya mataifa, na mwaka 2017 biashara ya kasuku waliokamatwa mwituni ilipigwa marufuku.

Kazi ya kufanya

Chunguza mguu wa kuku. Hesabu vidole vinavyoelekea mbele na vinavyoelekea nyuma. Uchore, kisha uulinganishe na mguu wa kasuku.

Maswali

1. Taja dalili tatu za kasuku aliyekuwa akifugwa.
2. Kwa nini kasuku aliyetoroka hushindwa kuruka mbali?
3. Eleza kwa nini si vizuri kumshika kwa mikono mitupu.
4. Rafiki yako asema, "Mwache, sasa yu huru." Utamjibu nini?