Kipimo Sahihi cha Oili ya Injini: Somo kwa Wenye Magari na Pikipiki



Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imefupisha safari, lakini haikuiondoa milima. Mji wa Mbinga upo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 500. Gari lililosheheni samaki kutoka ufukweni, au lililombeba mgonjwa anayekimbizwa hospitali, hulazimika kupanda mwinuko huo wote. Injini ikifia njiani, hasara haiishii kwa mwenye gari.

Kazi ya oili

Oili hulainisha vyuma vinavyosuguana, hubeba joto, hukusanya masizi na husaidia pistoni kuziba vizuri ndani ya silinda. Ndiyo maana kila injini imewekewa ujazo wake. Pikipiki nyingi za sisi 125 hadi 150 hutumia takriban lita 1. Gari dogo la petroli lenye injini ya sisi 1,500 aghalabu huchukua kati ya lita 3 na 4. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, inayotumika sana kubebea wagonjwa, huchukua zaidi ya lita 9.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Nusu lita ikipotea katika Land Cruiser, imepotea sehemu ndogo tu. Nusu lita hiyo hiyo ikipotea katika pikipiki, imepotea nusu ya oili yote. Iliyobaki itapata joto na kuchafuka kwa haraka zaidi. Basi dereva wa bodaboda ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kupima oili kila asubuhi.

Ikipungua, ikizidi

Oili ikiwa pungufu, gari linapopanda mlima au kukata kona, kiasi kilichobaki huhamia upande mmoja wa sampu. Pampu huvuta hewa, beringi hukosa oili na injini huweza kunoki. Usiisubiri taa ya oili ikukumbushe: taa hiyo huonyesha shinikizo, si kiwango. Ikiwaka mkiwa safarini, egesha mahali salama na uzime injini mara moja.

Wapo wanaodhani kuwa kuongeza oili kupita kipimo huongeza nguvu. Sivyo. Krenki huipiga oili iliyozidi na kuitia povu. Povu halilainishi vizuri, injini huwa nzito na sili huweza kuvuja.

Namna ya kupima

1. Egesha gari mahali tambarare, zima injini na usubiri dakika 5 hadi 10.
2. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena.
3. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo huku ukipima.
4. Ikiwa na rangi ya maziwa, huenda maji yameingia. Usiendeshe, mwite fundi.

Kwa pikipiki, fuata kitabu cha mtengenezaji, kwani baadhi hupimwa bila kukaza kifuniko chenye kijiti.

Kubadilisha oili

Badilisha oili pamoja na filta yake kwa kilomita zilizoelekezwa na mtengenezaji. Milima, vumbi na mizigo mizito ni kazi ngumu kwa injini. Kwa kazi hiyo, muda wa kubadilisha hufupishwa. Andika kilomita za kila sevisi, wala usitegemee kumbukumbu. Gari linalohitaji kuongezwa oili mara kwa mara linavuja au linaichoma. Kuongeza tu si matengenezo.

Oili chafu

Mto Ruvuma unaanzia katika milima ya Umatengo, na maji mengine ya wilaya zetu huishia Ziwa Nyasa. Oili iliyomwagwa gereji au kandokando ya kijito huchukuliwa na mvua hadi kwenye maji tunayokunywa na kuvulia. Ikusanye katika dumu lenye kifuniko, lisilotumika kwa maji wala chakula, na uiweke mbali na watoto hadi ikabidhiwe kwa wanaoikusanya kwa utaratibu unaokubalika.

Kabla ya kuanza safari ya kupanda au kushuka, tenga dakika chache upime oili. Abiria wako hawezi kukipima kijiti hicho, amekuachia wewe.