SOMO: DAWA NA JINA LAKE, JE, NI SAWA?



Jikoni kwako kuna chumvi, kuna na sukari. Zote mbili ni nyeupe. Mutoto akibadilisha vikopo, macho yako hayatakuambia kitu. Utaonja kidogo kwa ulimi, na utajua. Lakini kidonge cheupe utakijua namna gani? Na shindano ya munganga, yenye maji meupe tu, utaionja? Hapana. Basi leo tujifunze namna dawa inavyopimwa.

1. MASWALI MAWILI

Kwa kila dawa tunauliza maswali mawili:
– Ya kwanza: Dawa iliyo ndani ni ile ile iliyoandikwa inje?
– Ya pili: Ni safi na imetimia? Ao imepungua, imechanganywa, imeharibika?
Jibu la moja halitoshi. Yapasa kuwa na yote mawili.

2. MAMBO YALIYOTOKEA ITURI

Mwisho wa mwaka 2014, katika Ituri, hapa Kongo yetu, watu walianza kupata ugonjwa wa ajabu. Shingo ilipindika, macho yaligeuka juu, ulimi ulitoka inje. Watoto walikuwa wengi kati yao. Kwanza walidhani ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Hesabu ya wagonjwa ilipita 900, na wengine walikufa.

Waganga waliuliza kila mugonjwa: “Ulikunywa dawa gani?” Wengi walikuwa wamekunywa kidonge cha manjano. Kwenye chupa iliandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza. Vidonge vilitumwa Ulaya kwenye laboratwari. Ndani hamukuwa diazepamu hata kidogo. Mulikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, miligramu 10 mpaka 20 katika kidonge kimoja. Kwa mutoto mudogo hiyo ni nyingi sana. Mwaka 2015 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza hatari hiyo kwa nchi zote.

Ona, mama: aliyegundua si yule aliyeuza chupa. Mwenye kuuza samaki atasema sikuzote, “Ni ya leo asubuhi.” Ndiyo sababu dawa ipimwe na mutu mwingine, asiyepata faida katika kuiuza.

3. SHINDANO YA KUZUIA DAMU

Mama akiisha kuzaa, munganga humupiga shindano ya oksitosini ili tumbo la uzazi lijikaze na damu isitoke nyingi. Dawa hiyo ni ya jamii inayoitwa peptidi. Peptidi ni kama shanga zilizofungwa katika uzi mumoja. Oksitosini ina shanga 9, kila moja mahali pake. Shanga moja ikiwa mbaya, ao uzi ukikatika, dawa haina nguvu tena.

Adui yake mukubwa ni joto. Inapaswa kukaa katika frigo, digri 2 mpaka 8. Wewe unajua joto la Uvira. Ndagala ikilala juani bila kuanikwa vizuri, pua inakuambia imeoza. Oksitosini ikilala juani, haina harufu, na maji yake yanabaki meupe vilevile. Mama anapigwa shindano, na damu inaendelea kutoka. Hapo ni uzima wake.

4. NAMNA YA KUPIMA

Kuna sanduku dogo la kupimia, liitwalo Minilab, lililotengenezwa na Wajerumani. Depo ya dawa ya kanisa la 8e CEPAC katika Bukavu imelitumia. Mupimaji anaponda kidonge, anakiyeyusha, anaweka tone moja juu ya kibao chembamba. Kando yake anaweka tone la dawa ya kweli. Maji ya dawa yanapanda polepole, kama wino juu ya karatasi yenye maji. Kisha anaangalia alama kwa taa ya pekee. Alama zikifika mahali pamoja, jina ni la kweli. Zikiachana, hatari! Ikiwa alama ni hafifu, dawa imepungua.

Lakini sanduku hili halioni yote. Peptidi kama oksitosini inahitaji mashini kubwa za laboratwari. Mashini moja inatenganisha dawa na uchafu na kuonyesha ni sehemu ngapi kwa mia zilizo safi. Nyingine inapima uzito wa ule uzi wa shanga, kujua kama ni oksitosini kweli.

5. WEWE, MAMA, UFANYE NINI?

– Zalia kwenye maternite yenye frigo ya dawa. Usinunue shindano sokoni na kuibeba mukononi.
– Usikubali mutu akupige oksitosini nyumbani ili kuharakisha uchungu. Tumbo la uzazi linaweza kupasuka, na mutoto kufa.
– Usinunue vidonge vilivyofungwa katika karatasi bila jina wala tarehe.
– Chunga kikopo ao karatasi ya dawa mpaka mugonjwa apone.
– Shingo ikipindika, ao dawa ikileta jambo usilolijua, kimbia hopitali na kikopo mukononi. Huko Ituri, chupa ndiyo iliyofungua siri.
– Usitupe dawa ya munganga kwa sababu ya woga tu. Uliza kwanza.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini macho hayatoshi kujua dawa?
2. Oksitosini ikikaa juani, rangi yake inabadilika?
3. Kwa nini mwenye kuuza asiwe yeye mwenye kupima?
4. Utabeba nini ukienda hopitali sababu dawa imekudhuru?

Ukiisha kujibu, fundisha jirani yako asiyefika kliniki leo.